Samahani, Nimekufananisha

Nimechoka na sentensi moja. Kaa na wapenzi wa sinema, hawa wenzetu waliosoma, wanaoweza kukutajia waongozaji wa Korea na wa Senegal bila kukwama, na haitapita saa moja hujaisikia: "Tulia bwana, hivi ni vichekesho tu." Husemwa kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Maana yake ni kwamba filamu ya kuchekesha haiulizwi maswali. Ya huzuni itaulizwa imetengenezwa na nani, mwaka gani, kwa fedha za nani na kwa faida ya nani. Ya kuchekesha inapita getini bila kuonyesha kitambulisho.

Safari hii wameisema juu ya filamu ya Kijerumani ninayoipenda, Viktor und Viktoria, na kwa kuwa naipenda sikubali isemewe hivyo. Reinhold Schünzel aliiandika na kuiongoza kwa ajili ya kampuni ya Ufa, na ikaanza kuonyeshwa siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 1933. Kama umeiona Victor/Victoria ya mwaka 1982, ile ya Blake Edwards yenye Julie Andrews, basi umemwona mjukuu. Nakuomba leo uje kwa bibi.

Viktor Hempel, anayechezwa na Hermann Thimig, ni mwigizaji aliyefulia. Ndoto yake ni kucheza Shakespeare. Kazi inayompa mkate ni kuvaa gauni katika kumbi za bei ya chini na kuimba kama mwanamke. Anakutana na Susanne Lohr, yaani Renate Müller, mwimbaji ambaye naye hana kazi. Siku moja Viktor anashikwa na mafua, sauti inakauka, anamwomba Susanne amshikie zamu. Basi Susanne, mwanamke, anapanda jukwaani kama mwanamume anayejifanya mwanamke, na wimbo unapokwisha anavua wigi ili watu waone nywele fupi na kushangaa: kumbe dume! Wakala wa wasanii aliyeko ukumbini anashangaa kama wengine, na mkataba unatoka. "Monsieur Viktoria" anazunguka Ulaya mpaka London, na huko anamkuta Robert, bwana mtanashati anayechezwa na Adolf Wohlbrück. Robert anaigundua siri, lakini badala ya kuisema anaamua kumchezea shere: anamwalika kwenye starehe za kiume, anamnywesha pombe kali, anamwacha ahangaike katika baa ambako ngumi zinaruka. Mazungumzo mengi yanasemwa kwa vina, juu ya muziki wa Franz Doelle. Sikio lililolelewa na mashairi linatulia mara moja, hata kama Kijerumani chenyewe unakisoma kwenye maandishi ya chini ya kioo.

Ni nyepesi? Nyepesi kabisa. Inapepea. Sina ugomvi na wepesi wake. Ugomvi wangu ni na hilo "tu".

Kiswahili kina neno zuri kwa aina hii ya hadithi. Mtu usiyemjua anakushika bega kituoni, unageuka, anakukodolea macho kisha anarudi nyuma: "Samahani, nimekufananisha." Tazama sarufi ya sentensi hiyo. Aliyetenda ni yeye. Wewe ulikuwa umesimama unasubiri gari, uso wako ni ule ule uliotoka nao nyumbani, na jicho lake ndilo lililokupa jina la mtu mwingine. Vichekesho vyote vya kufananisha vinasimama juu ya ukweli huo. Waliosoma Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere wanamkumbuka Portia anayeingia mahakamani kwa joho la mwanasheria mwanamume, na mumewe mwenyewe asimtambue. Joho lilifanya kazi kwa sababu waliokuwa mahakamani walikuwa tayari kuliamini. Susanne naye hafanyi mengi. Anaimba, anavua wigi, na ukumbi mzima unajazia yaliyobaki.

Ila kuna mtu mmoja ambaye hafananishi kamwe, naye ni mtazamaji. Katika vichekesho vya namna hii sisi tuliokaa vitini tunajua tangu mwanzo nani ni nani. Raha yetu inatoka hapo. Mwenye ukumbi hajui, mashabiki hawajui, wanawake wanaomtamani "kijana" huyo hawajui, sisi tunajua. Tumepewa kiti cha ofisa mwenye faili mkononi. Anajua jina halisi, anajua jinsia halisi, anatabasamu akingoja ukweli ufumuke. Sasa kipeleke kiti hicho Ujerumani ya Desemba 1933, uniambie tena kwamba ni vichekesho tu.

Maana mwaka ule ulikuwa mwaka wa mafaili. Hitler alikuwa amekabidhiwa ukansela tarehe 30 Januari. Tarehe 28 Machi, Goebbels aliwahutubia watu wa filamu katika hoteli ya Kaiserhof mjini Berlin. Kesho yake, tarehe 29, bodi ya Ufa iliketi na kuamua kuachana na wafanyakazi wake Wayahudi. Hakuna sheria iliyokuwa imeilazimisha. Sheria ya kuwaondoa "wasio Waarya" katika utumishi wa serikali ilikuja tarehe 7 Aprili, na kanuni ya tarehe 11 ikafafanua kwamba mzazi mmoja Myahudi, au hata babu au bibi mmoja, alitosha kumharibia mtu. Ghafla watu wazima wakawa wanakimbilia rejista za makanisa kutafuta ubatizo wa bibi zao. Mtu alilala Mjerumani akaamka amefananishwa, na aliyemfananisha hakusema samahani.

Kampuni iliyokaa kikao kile cha tarehe 29 Machi ndiyo iliyotoa, kabla mwaka haujaisha, filamu ya kuchekesha kuhusu mtu anayepita kama asivyo. Sisemi walifanya kwa makusudi. Nasema unapocheka, ujue jengo unalochekea.

Kuna Kurt Gerron, kwa mfano. Mwanamume mnene, mwenye sauti ya kutikisa vioo, alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakiwachekesha Wajerumani kwa mshahara wa Ufa. Yumo katika The Blue Angel ya mwaka 1930, na katika Die Drei von der Tankstelle ya mwaka huo huo. Siku ya kususia biashara za Wayahudi, tarehe 1 Aprili 1933, alikuwa studio akiongoza filamu, na akatolewa palepale kazini. Alikimbilia Ufaransa, kisha Uholanzi. Wanazi walimfikia huko, wakamfunga Theresienstadt, wakamlazimisha mwaka 1944 kuongoza filamu ya kuonyesha kwamba wafungwa wa kambi ile wanaishi raha mustarehe. Baada ya kazi hiyo walimpeleka Auschwitz, wakamuua Oktoba ya mwaka huo. Nani atasema juu ya mtu huyu kwamba vichekesho ni ulimwengu wa pembeni, usiohusiana na siasa?

Na Schünzel mwenyewe? Mama yake alikuwa Myahudi. Kwa kipimo kipya yeye alikuwa "nusu", na nusu hakutakiwa kuongoza filamu. Lakini filamu zake zilikuwa zinaingiza fedha, hivyo akapewa ruhusa maalumu ya kuendelea kufanya kazi. Hebu iangalie picha hiyo taratibu: mtu aliyeishi kwa kibali cha kudhaniwa Mwarya anaongoza filamu ya mwanamke anayeishi kwa mkataba wa kudhaniwa mwanamume. Mwaka 1935 akatengeneza Amphitryon, ambamo mungu Jupita anavaa sura ya mume wa mtu ili aingie nyumbani kwake. Nayo ni filamu ya kufananisha, na ilitoka mwaka ule ule wa sheria za Nuremberg. Mwaka 1937 filamu yake Land der Liebe iliwachukiza wakubwa, na mlango ukafungwa. Akaenda Marekani. Ukimtafuta utamkuta katika Notorious ya Hitchcock, ya mwaka 1946, miongoni mwa Wajerumani waliojificha Brazil. Hollywood ilimwona akafanana na adui.

Robert wa kwenye filamu, bwana yule mwenye siri ya wengine mkononi, naye alikuwa na yake. Wohlbrück alikuwa mtoto wa mchekeshaji wa sarakasi kutoka Vienna. Mama yake alikuwa na asili ya Kiyahudi, na yeye mwenyewe aliwapenda wanaume. Mwaka 1936 aliondoka Ujerumani. Alipofika alikofika alilitupa jina la Adolf, na nani angemlaumu, akajiita Anton Walbrook. Kwa jina hilo Waingereza wanamkumbuka katika The Red Shoes. Renate Müller hakuondoka. Alikufa Berlin Oktoba 1937, akiwa na miaka 31, baada ya kuanguka kutoka dirishani, na mabishano juu ya kilichomwangusha yanaendelea hadi leo.

Nikiyasema haya kwenye mjadala, wale wa "vichekesho tu" hunyamaza kidogo, na upande wa pili unanyanyuka kwa furaha. Hawa ni wale wanaopenda kila filamu ya zamani iwe shujaa. Kwao Viktor und Viktoria ni uasi wa waziwazi: mwanamke kwa suruali, mwanamume kwa gauni, Goebbels akitoa macho. Nao siwakubali, na pengine wananiudhi zaidi kwa kuwa tunakaribiana.

Goebbels hakutoa macho. Alijua kuliko wengi kwamba taifa halilishwi gwaride asubuhi, mchana na jioni. Kati ya filamu zaidi ya 1,000 zilizotengenezwa Ujerumani chini ya Wanazi, nyingi hazina bendera wala hotuba. Zina nyimbo, wachumba, na milango inayofunguliwa wakati usiofaa. Wepesi ulikuwa na ofisi yake. Kisha hadithi yenyewe, ukiitazama bila mapenzi, inarudisha kila kitu kabatini. Robert anafahamu kwamba anayempenda ni mwanamke, kwa hiyo hakuna mtazamaji atakayelala na wasiwasi. Suruali inamchosha Susanne. Mateso yake ndani ya baa ni mateso ya mwanamke aliyekwenda mahali "pasipomfaa," na tunaalikwa kucheka jinsi anavyokohoa. Mwishowe anavaa gauni na kukaa pembeni ya mwanamume wake. Lubitsch alikuwa mkorofi kuliko hapo miaka kumi na mitano nyuma: katika Ich möchte kein Mann sein ya mwaka 1918, Ossi Oswalda anavaa suti, anakwenda dansini, analewa na mlezi wake na wanabusiana, huku mlezi akiamini kwamba anambusu kijana wa kiume. Ukitaka uasi, anza huko.

Hata hivyo kuna kitu Schünzel alikifanya mwishoni, na kwa ajili ya hicho ndiyo maana bado naitetea filamu hii mbele ya pande zote mbili. Uvumi unaenea kwamba Monsieur Viktoria ni tapeli, ni mwanamke. Polisi wanaingia ukumbini kukagua. Usiku huo aliye jukwaani ni Viktor Hempel mwenyewe, amevaa mavazi ya Kihispania, anajikwaa, anaharibu kila hatua ya dansi, na ukumbi unavunjika mbavu. Polisi wanamkagua wanaemkuta. Ni mwanamume, wala hakuna shaka. Mashtaka yanakufa. Serikali imeuliza swali lake, imepata jibu sahihi juu ya mwili uliosimama mbele yake, na imekosea kila kitu kuhusu mtu iliyekuwa inamtafuta. Susanne ameketi na gauni lake miongoni mwa watazamaji, ofisa anampita.

Katika mwaka ambao nchi nzima ilikuwa inajifunza kuamini muhuri, huyu "nusu" mwenye ruhusa maalumu aliweka kwenye kioo ukaguzi uliofanyika kwa utaratibu na kutoka na upuuzi. Siuiti ushujaa. Schünzel alipokea mshahara wake Januari kama kawaida, kutoka kampuni iliyowafukuza wenzake. Lakini ni mzaha wenye jino, na ukiuita mwepesi tu unamnyang'anya mtu kitu pekee alichofanikiwa kukipitisha.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanihusu, mimi msomaji wa Kiswahili, hadi kuniharibia jioni na marafiki. Wakati filamu hiyo inaonyeshwa, Berlin ilikuwa na mtu wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, naye mwenyewe akaingizwa vitani akiwa bado mtoto. Alifika Berlin mwaka 1929, akadai mshahara ambao baba yake na yeye hawakulipwa tangu vita ile. Akaambiwa amechelewa. Akabaki. Huko alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe ambalo kumbi zake zilipambwa kama nchi za mbali, moja Uturuki, nyingine Marekani ya wachunga ng'ombe. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Aliomba nishani ya waliopigana vita vya kwanza, akanyimwa. Na alikuwa mwigizaji wa filamu.

Ndiyo, filamu, katika tasnia ile ile ya Müller na Wohlbrück. Alikuwemo katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika ya mwaka 1934, akawemo katika Carl Peters ya mwaka 1941, akifuatana na Hans Albers aliyevaa kofia ya mkoloni. Mtu mwenye lugha kadhaa, mwalimu, mdai wa haki yake mbele ya wizara, kila alipoingia studio alipewa mavazi yale yale: askari mtiifu, mtumishi, Mwafrika wa nyuma ya bwana. Kila mtu alimfananisha, na hakuna mwandishi wa filamu aliyewahi kumwandikia tukio la kuvua wigi.

Hapo ndipo vichekesho vya kufananisha vinaponikaba koo. Vinahitaji mtu anayeweza kurudi. Susanne anacheka nasi kwa kuwa tunajua kesho atavaa gauni na dunia itampokea. Mchezo mzima umejengwa juu ya mwili ambao, ukikaguliwa, utaonekana kuwa "sawa". Mahjub hakuwa na nguo ya kuvua. Mwaka 1935 Haus Vaterland ilimwondoa kazini. Mwaka 1941, mwaka wa Carl Peters, alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani na kupelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Gerron alikuwa ameuawa mwezi mmoja kabla.

Mwaka 2013 mwongozaji wa Kijerumani, Eva Knopf, alitengeneza filamu juu yake, Majubs Reise, akimtafuta katika vipande vya filamu za zamani ambamo anapita nyuma ya watu wenye majina. Nawashauri muitafute. Itazameni usiku mmoja na Viktor und Viktoria, mkianza na yoyote. Ni Berlin ile ile, taa zile zile, kazi ile ile ya kumvalisha mtu nguo na kuwaambia wengine huyu ni nani.

Najua nitakaloambiwa: nawanyima watu raha. Mimi binafsi nacheka kila mara Thimig anapojikwaa na marinda yake ya Kihispania, na nikiirudia nacheka kabla hajaanza kujikwaa. Blake Edwards, aliporudia hadithi hii, aliipeleka Paris ya mwaka 1934, mbali na mafaili, na filamu yake inapumua vizuri bila hayo. Ni haki yake. Wala simtaki mtu afute tabasamu. Ninachokitaka ni kidogo, na hakigharimu hata bando. Mkitumiana kiungo cha filamu hii, pale mnapoandika "ichekeshayo, nyepesi, inafaa wikiendi," ongezeni mwaka na jina la kampuni.